Maneno ya Kireno ya shuleni yanayochanganywa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wasemaji wa Kiswahili wanaojifunza Kireno, wengi wakijiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi Msumbiji, Angola, Ureno au Brazili. Makosa mengi chanzo chake ni kimoja: Kiswahili kina neno moja pale ambapo Kireno kina matatu au manne. Mengine huletwa na Kiingereza au Kifaransa alichoanza nacho mtu, na mengine na nchi zenyewe, maana neno la kawaida Maputo linaweza kumkasirisha mtu wa Recife, Brazili. Pasipotajwa nchi, neno linatumika kote.

## Darasa, somo na kusoma

1. "Darasa" ni *aula*, *turma*, *classe* au *sala*?

Ni yote manne, ila kila moja lina kazi yake. Chumba ni *sala de aula*, au *sala* tu. Kundi la wanafunzi wanaosoma pamoja, yaani mkondo, ni *turma*: *turma A*, *turma B*. Kipindi chenyewe, zile dakika ambazo mwalimu anafundisha, ni *aula*. Ngazi, kama darasa la saba, ni *classe* kwa Msumbiji na Angola (nchi nyingine tazama swali la 2).

Chukua sentensi hii: "Darasa letu lina wanafunzi hamsini, darasa linavuja, na leo hakuna darasa." Neno limerudi mara tatu na hakuna Mswahili aliyepotea. Kwa Kireno kila darasa linapata jina lake: *A nossa turma tem cinquenta alunos, chove dentro da sala e hoje não há aula.* Ukikuta mlango una kufuli ukasema *a turma está fechada*, msikilizaji ataelewa kwamba nafasi za mkondo huo zimejaa. Sema *a sala está fechada*.

Mwalimu wa darasa ni *director de turma*, na hapa wageni wengi hushtuka wakidhani wameitwa kwa mkuu wa shule. Mkuu ni *director da escola*. (Ureno na Brazili leo huandika *diretor*, bila c; Msumbiji na Angola bado utaikuta c.) Kiranja wa darasa ni *chefe de turma* Msumbiji na *delegado de turma* Ureno. *Monitor* ni kitu kingine: msaidizi wa mhadhiri chuoni, au skrini ya kompyuta.

2. Niseme *sétima classe*, *sétimo ano* au *sétima série*?

Inategemea unakokwenda. Msumbiji na Angola ni *classe*, Ureno ni *ano*. Brazili ni *ano* kwa miaka tisa ya *ensino fundamental*, kisha *série* au *ano* kwa miaka mitatu ya *ensino médio*. Angalia jinsia ya neno: *classe* na *série* ni za kike, hivyo *sétima*, *ano* ni la kiume, hivyo *sétimo*. Kwa maandishi ni 7.ª na 7.º, na kukosea herufi hiyo ndogo kwenye fomu ni kosa linaloonekana haraka.

Kuna mitego miwili kwa anayesoma vyeti. Sheria ya Brazili ya mwaka 2006 iliongeza *ensino fundamental* kutoka miaka minane hadi tisa, hivyo *7.ª série* ya zamani ndiyo *8.º ano* ya leo. Msumbiji, sheria ya elimu ya 2018 iliihamisha 7.ª classe kutoka msingi kwenda sekondari: zamani msingi ilikuwa 1 hadi 7, sasa ni 1 hadi 6. Cheti cha kumaliza msingi kinaweza basi kuwa cha miaka saba au sita. Soma tarehe yake kwanza.

3. "Somo" nalo?

Somo kama Hisabati au Historia ni *disciplina*, neno salama kila nchi. Chuo kikuu, Ureno na Msumbiji utasikia *cadeira*, ambalo pia ni kiti. Mtu akisema *tenho duas cadeiras em atraso*, ana masomo mawili ya nyuma hajayafaulu, samani haimo.

*Matéria* ndiyo yenye utata. Brazili ni somo lenyewe. Ureno na Msumbiji ni yale yaliyomo ndani ya somo, yaani mada zilizofundishwa. Swali la kila mwanafunzi kabla ya mtihani, "nini kitatoka?", lina sura mbili: *que matéria sai no teste?* kwa Ureno na Msumbiji, *o que cai na prova?* kwa Brazili. Kwao hutoka kama kwetu. Kwa Wabrazili huanguka.

*Curso* ni programu nzima ya masomo, kama *curso de Direito* ya miaka kadhaa. Waliosoma kwa Kiingereza huiita hivyo kila somo moja la muhula, kisha mtu anashangaa vipi unasoma *cursos* sita kwa mpigo.

4. Kwa nini nikisema *leio em Maputo* watu hucheka?

Kwa sababu umesema uko Maputo unasoma gazeti. Kiswahili kinasoma kitabu na kinasoma chuo kwa kitenzi kimoja. Kireno kinatenga: kupitisha macho kwenye maandishi ni *ler*, kuwa mwanafunzi au kudurusu ni *estudar*. *Estudo em Maputo. Ontem li dois capítulos. Hoje vou estudar para o teste.*

Kujifunza kitu mpaka ukakijua ni *aprender*. Kufundisha ni *ensinar*. Kwa kuwa kwetu funza na jifunza ni mzizi mmoja, wengi husema *o professor aprendeu-me*. Ni *ensinou-me*. Mwalimu *dá aulas*, mwanafunzi *tem aulas*.

Kukariri nako kuna mambo mawili. Kukariri kichwani ni *decorar* (ambalo pia ni kupamba), kukariri darasa ni *repetir*.

5. Kuhudhuria kipindi ni *atender*?

Hapana. Hilo ni kosa la waliotoka kwenye Kiingereza. *Atender* ni kumhudumia mteja au kupokea simu. Kuhudhuria kipindi ni *assistir à aula* au kwa urahisi *ir à aula*. Kusoma katika shule au ngazi fulani ni *frequentar*: *frequenta a 10.ª classe*.

## Watu wa shuleni

6. *Aluno* na *estudante* vina tofauti?

Ndogo. *Aluno* ni mwanafunzi wa shule, au mwanafunzi wa mwalimu fulani. *Estudante* hupendelewa kwa wa chuo. Ukichanganya hakuna atakayekulaumu.

7. *Parentes* ni wazazi?

Si wazazi, ni ndugu na jamaa. Wazazi ni *pais*. Weka alama juu ya i ikawa *país*, umeandika nchi.

Kwenye fomu za Msumbiji, Angola na Ureno utakuta *encarregado de educação*. Huyo ni anayemsimamia mtoto mbele ya shule, awe baba, mjomba au dada mkubwa. Jaza jina la atakayefika kwenye vikao. Brazili mstari huo husema *responsável*. Tukiwa hapo: *educado* ni mwenye adabu. *Mal-educado* anaweza kuwa na shahada tatu.

8. Naweza kuwaita wasichana *raparigas*?

Msumbiji, Angola na Ureno, ndiyo. Hata taarifa rasmi za elimu ya msichana hulitumia. Brazili, hasa kaskazini mashariki, linamaanisha kahaba. Huko sema *meninas* kwa wadogo na *garotas* au *moças* kwa waliokua.

## Majengo na vifaa

9. *Colégio* ni chuo?

Hapana, ni shule. Ureno kwa kawaida ni shule ya binafsi, hata ya watoto wa miaka sita. Brazili ni shule ya msingi au sekondari, mara nyingi ya binafsi. Chuo kikuu ni *universidade*, na kitivo chake ni *faculdade*. Wabrazili husema *fazer faculdade* kwa maana ya kusoma chuo. *Liceu* lilikuwa jina la sekondari za serikali, na watu wazima Ureno bado wanalitaja.

10. *Livraria* ni maktaba?

Ni duka la vitabu. Maktaba ni *biblioteca*. Wakongo na Warundi waliosoma Kifaransa hawakosei hapa, kwa kuwa *librairie* imewazoesha. Wanaokosea ni sisi wa Kiingereza. *Papelaria* ni duka la madaftari na kalamu. Na *leitura* ni usomaji. Mhadhara wa kawaida chuoni ni *aula*, na wa mgeni aliyealikwa ni *palestra*.

11. *Secretaria* na *secretária* ni kitu kimoja?

Alama moja inabadilisha kila kitu. *Secretaria*, mkazo ukiwa kwenye *-ri-*, ni ofisi ya shule unakolipia na kuchukulia vyeti. *Secretária*, mkazo kwenye *-tá-*, ni katibu muhtasi mwanamke, na Ureno na Msumbiji ni pia meza ya kazi kama ile ya mwalimu. Ukiambiwa *entregue na secretaria*, nenda ofisini. Ukiambiwa *deixe na secretária*, weka juu ya meza.

Meza yetu ilitokana na *mesa*, kwa hiyo neno hilo halihitaji juhudi. Dawati la mwanafunzi, hata hivyo, ni *carteira*, ambayo pia ni pochi ya pesa. Mwalimu akisema *uma folha em cima da carteira*, anataka karatasi juu ya dawati.

12. Vifaa gani huchanganywa zaidi?

*Livro* na *caderno*. Wengi wetu huita daftari "kitabu", kisha mwalimu akisema *abram o caderno* wanafungua kitabu cha kiada. *Caderno* ni daftari, *livro* ni kitabu kilichochapishwa.

Kalamu ya wino ni *caneta*. Ureno na Msumbiji pia *esferográfica*. *Lápis* ni penseli, na haibadiliki kwa wingi: *um lápis, dois lápis*. *Lapiseira* ni penseli ya kubonyeza. Ufutio wa penseli ni *borracha*, wa ubao ni *apagador*. Kichongeo ni *apara-lápis* au *afia* Ureno, *apontador* Brazili. Stepla ni *agrafador* Ureno na Msumbiji, *grampeador* Brazili. Ubao ni *quadro*, na Brazili *lousa* pia. *Pasta* ni faili au mkoba, wala si tambi pekee.

## Mitihani na alama

13. *Teste*, *prova* na *exame* hutofautianaje?

Ureno na Msumbiji, *teste* ni jaribio la ndani ya muhula, analotunga mwalimu wako. *Exame* ni mtihani wa mwisho wenye uzito mkubwa, mara nyingi wa kitaifa au wa chuo. *Prova* hapo ni neno la jumla, na karatasi yenyewe ya mtihani huitwa hivyo. Brazili *prova* ndilo la kila siku, la majaribio na mitihani pia; *exame* limebaki kwenye majina rasmi kama ENEM, *Exame Nacional do Ensino Médio*. Mbrazili akisema *exame* bila maelezo, huenda anazungumzia kipimo cha hospitali.

Mtahiniwa *faz o teste*. Anayetoa, *dá*, ni mwalimu. Waliosoma Kifaransa wajihadhari: *passer un examen* ni kuufanya tu, lakini *passar no exame* ni kuufaulu. Kijana akimpigia mama yake kusema *passei no exame* kabla ya kusahihishwa, ameshatangaza sherehe.

14. Kufeli kunaitwaje?

*Reprovar* hueleweka kote, na hutumika pande zote mbili: mwanafunzi *reprovou*, mwalimu *reprovou o aluno*. Mtaani Ureno na Msumbiji ni *chumbar*, kutoka *chumbo*, madini ya risasi; mzigo mzito kweli. *Falhar* litaeleweka, lakini hilo ni la kushindwa au kuharibika kwa jumla, si neno la matokeo.

Kwenye matokeo Ureno utaona *transitou* kwa aliyepanda ngazi katikati ya mzunguko na *aprovado* kwa aliyemaliza mzunguko. Yote ni habari njema. Karatasi ya matokeo inayobandikwa ukutani ni *pauta*, Ureno na Msumbiji. Brazili *pauta* ni ajenda ya kikao.

15. Matokeo yangu ya chuo Msumbiji yanasema *dispensado*. Nimefukuzwa?

La, pongezi. *Dispensado* maana yake alama zako za muhula zinatosha na huhitaji kukaa mtihani wa mwisho. Kiwango mara nyingi ni 14, ila kanuni ya chuo ndiyo inayoamua. *Admitido* ni aliyeruhusiwa kufanya mtihani na lazima aufanye. Wageni husoma "amekubaliwa" wakaenda likizo. *Excluído* ndiye mwenye balaa: alama za muhula hazikufika na mtihani hataufanya.

Mtihani wa kwanza ni *exame normal*, wa marudio ni *exame de recorrência*. Ureno awamu ya marudio ni *época de recurso*, ingawa *recurso* kwingine ni rufaa. Brazili nafasi ya pili huitwa *recuperação*.

16. Rafiki yangu amepata 5 na anashangilia. Ana akili timamu?

Uliza yuko nchi gani na ngazi gani. Ureno, kuanzia mwaka wa 5 hadi wa 9, alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya juu kabisa. Sekondari ya juu huko ni 0 hadi 20, kufaulu ni 10. Msumbiji nayo ni 0 hadi 20, na 5 ni kufeli vibaya. Brazili shule nyingi hutumia 0 hadi 10, na kiwango cha kufaulu hupangwa na shule yenyewe, mara 5, mara 6, mara 7.

Alama za 0 hadi 20 huitwa *valores*: *tive catorze valores*. Kitenzi kingine ni *tirar*, ambacho kwa kawaida ni kutoa, lakini *tirar boa nota* ni kupata. *Positiva* ni alama ya kufaulu, *negativa* iliyo chini yake. Desimali ni mkato: 9,5.

17. *Nota* ni alama au maelezo ya kipindi?

Shuleni ni alama. Yale unayoandika wakati mwalimu anaongea ni *apontamentos* Ureno na Msumbiji, *anotações* Brazili. Ukimwomba mwenzako *as tuas notas*, anaweza kudhani unapekua matokeo yake.

Jirani wa kosa hilo ni *sumário*. Ni sentensi moja au mbili za mada ya kipindi, ambazo mwalimu wa Ureno au Msumbiji huandika ubaoni na mwanafunzi hunakili. Muhtasari wa sura ya kitabu ni *resumo*. Kazi ya nyumbani ni *TPC*, ufupisho wa *trabalho para casa*; Brazili ni *lição de casa* au *dever de casa*.

18. *Cabular* ni kutoroka kipindi au kuibia mtihani?

Brazili, hasa São Paulo, ni kutoroka kipindi. Msumbiji na Angola ni kuibia mtihani kwa *cábula*, kile kikaratasi ambacho Wakenya hukiita mwakenya. Mbrazili hukiita *cola*, yaani gundi. Kukiri kwamba *cabulei* ofisini kwa mkuu wa shule ni bora uwe na uhakika uko nchi gani.

## Ada, likizo na utoro

19. Kwa nini Mbrazili alishtuka niliposema nimelipa *propina* chuoni?

Ulimwambia umehonga. Ureno, Angola na Msumbiji *propina* ni ada ya masomo, neno rasmi kabisa. Brazili ni hongo, na husikika kwenye habari za kesi za rushwa. Huko sema *mensalidade*, ada ya kila mwezi, ambayo inaeleweka kote.

20. *Matrícula*, *inscrição*, *bolsa*: nijaze nini wapi?

Vyuo vya Ureno, *matrícula* ni kuingia rasmi kwenye taasisi, na *inscrição* ni kujiandikisha kila mwaka kwa masomo utakayosoma. Anayelipa la kwanza akasahau la pili ni mwanafunzi asiye na somo hata moja. Barabarani *matrícula* ni namba ya gari, kwa Ureno na Msumbiji. *Bolsa* ni ufadhili wa masomo, na pia mkoba. Andika *bolsa de estudo* usiache shaka. Mfadhiliwa ni *bolseiro*, Brazili *bolsista*.

21. *Férias*, *feriado*, *intervalo*, *furo*?

*Férias* ni likizo na ni wingi daima: *as férias*, hata ikiwa wiki moja. *Feriado* ni sikukuu ya taifa, kama 25 Juni, siku ya uhuru wa Msumbiji. *Intervalo* ni mapumziko kati ya vipindi. *Recreio* ni yale ya kucheza, au uwanja wenyewe. *Furo*, tundu au pancha, ndivyo wanafunzi wa Ureno wanavyoita kipindi kilichokosa mwalimu. Kutoroka ni *faltar às aulas*. Mbrazili husema *matar aula*, anakiua kabisa kipindi.

22. *Frequência* ni mahudhurio au mtihani?

Brazili ni mahudhurio, na sheria inataka mwanafunzi wa shule ahudhurie angalau asilimia 75 ya saa za masomo ili apande. Chuo Ureno, *frequência* ni jaribio la katikati ya muhula. Msumbiji, *nota de frequência* ni alama za muhula, zile zinazoamua kilichoelezwa katika swali la 15.

## Kesi za pembeni

23. *Licenciatura* ni shahada ya kwanza?

Ureno ndiyo, kwa kawaida miaka mitatu. Msumbiji pia, mara nyingi minne. Brazili ni shahada ya kwanza ya ualimu tu; nyingi za fani nyingine huitwa *bacharelado*, na ngazi yote ya shahada ya kwanza ni *graduação*. Mhandisi Mbrazili hatakuwa na *licenciatura* na hajapungukiwa na kitu. Uzamivu ni *doutoramento*, Brazili *doutorado*.

24. Nimekosa mtihani kwa sababu ya ratiba. Nilikosea wapi?

Huenda kwenye siku au kwenye saa. Ratiba ni *horário*, na siku zake zina namba zinazofanana na zetu bila kulingana. *Segunda-feira*, ya pili, ni Jumatatu. *Terça*, ya tatu, ni Jumanne. *Quarta*, ya nne, ni Jumatano. Anayesikia *terça* akakumbuka "tatu" anafika siku moja kabla. Anayefikiri Jumatano kwa sababu ina "tano" ndiyo *quinta* naye anafika siku moja kabla. Alhamisi ndiyo *quinta*, na hapo Kiarabu kinakusaidia: khamsa ni tano.

Saa nazo huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Saa moja asubuhi ni *sete horas*. Ukisema *uma hora* umesema saa saba. Tangazo likiwa *Exame de Física, terça-feira, 7h30, sala 4*, ni Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, chumba namba 4.